Jibu la swali la wiki: gitaa la kwaya na mzee wa Kilwa

Mmeuliza wiki hii: gitaa kavu (lisilotumia umeme) la kwanza, mtu akalinunue kwenye duka kubwa lenye matawi au kwa mwenye duka lake dogo? Nilijibu kwa sauti kabla sijamaliza kusoma, mke wangu akadhani nasema naye. Kwa mwenye duka lake, kuna la kuuliza hapo? Nikakaa niwaandikie mistari mitano ya kuwatetea watu wa Kariakoo. Imefika hapa ilipofika, na sina hakika kama nililolijibu ni swali lenu au ni langu.

Mimi ni wa Morogoro, Kihonda. Napiga gitaa kwenye kwaya ya parokia na kufundisha vijana Jumamosi mchana. Mji huu ni wa wanamuziki Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe, kwa hiyo kila mtu hapa ni mjuzi wa magitaa, hata ambaye hajawahi kulishika. Wazee wetu mpaka leo gitaa kavu wanaliita galatoni, jina lililobaki kutoka kwenye magitaa ya Gallotone ya Afrika Kusini. (Siku John Lennon alipokutana na Paul McCartney mwaka 1957, alikuwa na Gallotone Champion, lenye karatasi ndani ya tundu inayodhamini kwamba halitapasuka. Vijana wangu wakilalamikia magitaa ya bei rahisi huwa nawaambia habari hiyo. Haiwasaidii.)

Sasa kisa. Novemba 2011 kwaya ilikuwa imechangishana shilingi 280,000 za gitaa, nikatumwa Dar kulinunua. Sikutumwa peke yangu. Mama mweka hazina alikuja nami, pesa kazifunga kwenye pindo la khanga, na njia nzima kuanzia Msamvu hadi Ubungo hakusinzia hata dakika.

Tulianzia duka kubwa, la kwenye jengo lenye viyoyozi. Silitaji. Magitaa yalikuwa manne, yametundikwa juu ya majokofu, mbali na mkono wa mtu mzima. Kijana aliyevaa tai alisema kuyashusha mpaka meneja, na meneja yuko kwenye kikao. Kulikuwa na moja kwenye boksi, 245,000, bei haipungui. Nikaomba kulijaribu. Akasema boksi likifunguliwa limenunuliwa. Nikamuuliza nyuzi zake ni za nini, akalisoma boksi pande zote nne, kisha akasema ni za gitaa.

Mama mweka hazina alipapenda. Ubaridi, risiti ya mashine, karatasi ya dhamana ya mwaka mzima. Nilimtoa pale karibu kwa kumvuta.

Kariakoo tulimpata mzee mmoja wa Kilwa, duka lake hatua tatu kwa upana, ngoma na vinanda vimepandana hadi darini. Hakuuliza tuna shilingi ngapi. Aliuliza nani atapiga na wapi. Nikamwambia kanisani, mimi, na vijana wanaoanza. Akashusha gitaa moja, akakaa juu ya ndoo aliyoipindua, akalitazama kwenye shingo kwa jicho moja kama mtu anayelenga shabaha, kuona kama imepinda. Kisha akachukua vocha za simu zilizokwisha kukwanguliwa, akazipanga pamoja na kuzipenyeza chini ya uzi kwenye freti ya kumi na mbili (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo), apime nyuzi ziko juu kiasi gani. Akatikisa kichwa. Akalegeza nyuzi, akachomoa kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi kwenye daraja, yaani ule ubao wa usoni mwa gitaa unaofungiwa nyuzi, akakisugua upande wa chini kwenye msasa uliolala juu ya kioo, akakirudisha, akapima tena kwa vocha. Mara tatu. Yote hayo kabla bei haijatajwa! Alipolituni, kwa sikio tu, akanipa nipige. Vidole havikuuma.

Alianzia 190,000, tukamalizana kwa 165,000. Risiti yake ilikuwa ya kitabu, chini imepigwa muhuri: Mali ikishauzwa hairudishwi. Mama mweka hazina aliusoma ule muhuri mara mbili.

Lilikuwa gitaa la nyuzi za nailoni. Hapo ndipo penyewe. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisimulia kwamba yule mzee hakutuambia lolote kuhusu nyuzi. Naandika sasa hivi na namwona kabisa, bado kakaa juu ya ndoo, anasema, "Mwalimu, hili la nailoni. Chuma usilitie." Alisema. Nilikuwa nahesabu chenji.

Kwa wasiojua: nyuzi sita za chuma zikishatuniwa huvuta kwa pamoja karibu kilo 70, pengine zaidi. Za nailoni ni kama kilo 40. Gitaa la chuma limejengwa kubeba mzigo huo, ndani ya shingo lina fimbo ya chuma na uso wake umeimarishwa kwa mbao nene. La nailoni uso wake ni mwembamba, na daraja limeshikiliwa na gundi tu. Ukilitia chuma litalia vizuri sana, tena kwa sauti kubwa, mpaka siku litakaposhindwa.

Februari nilikuwa Dar msibani, nikapita dukani kununua nyuzi za akiba. Ilikuwa Ijumaa mchana, mzee kaenda msikitini, yupo mpwa wake. Nikamwambia gitaa letu sauti yake ndogo, kinanda kinalimeza. Akanipa pakiti ya chuma, 8,000. Nikauliza, zitakubali? "Gitaa ni gitaa, kaka. Hizi ndizo zinazolia." Sikubishana, kwa sababu alinijibu nilichotaka kusikia. Mwisho wa kila uzi kulikuwa na kigololi cha shaba, na nilipokuwa nafunga nilijiuliza kwa nini zile za zamani hazikuwa nacho. Nikafunga.

Mkesha wa Pasaka, Aprili 2012. Walioko kanisani wanajua: Jumapili zote za Kwaresima wimbo wa Utukufu hauimbwi, kisha usiku ule padre anauanzisha, kengele zinapigwa zote kwa pamoja, taa zinawashwa. Tulifika "na amani duniani". Daraja likang'oka. Mlio wake ulikuwa kama wa risasi, nyuzi zikanichapa mkononi, na kipande cha mbao kikaruka hadi kwa akina mama wa sauti ya pili. Watoto wa madhabahuni walizidi kutikisa kengele wakidhani ni sehemu ya shangwe. Tulimaliza Utukufu kwa kinanda. Katekista bado ananiita Baruti.

Jumanne tukarudi Kariakoo, mimi, mama mweka hazina na gitaa lililofungwa kwenye shuka. Yeye alikuja kwa vita. Aliweka risiti mezani muhuri ukiwa juu, akasema mali ya Mungu lazima irudishwe, muhuri uwepo usiwepo. Mzee hakumjibu. Alilifungua shuka, akatazama pale daraja lilipokuwa, ambapo uso wa gitaa ulikuwa umechunika na vijiti vya mbao vimesimama kama ngozi ya kidonda. Akaokota uzi mmoja, akautelezesha mpaka mwisho, akashika kile kigololi kati ya vidole viwili.

"Nani kaweka hizi?"

Mpwa wake alitazama simu. Mimi nilitazama ngoma. Mama mweka hazina, ambaye hakujua tofauti ya nailoni na katani, akasema kwa imani yake yote: "Lilikuja nazo, mzee."

Nami nikanyamaza.

Mzee alinitazama kidogo tu, akasema njooni Alhamisi. Tukalala kwa shangazi yangu Temeke siku mbili, mama mweka hazina akihesabu kila nauli ya daladala kwenye deni la yule mzee. Alhamisi tulikuta gitaa liko kwenye klampu za seremala, daraja jipya, jeusi. Lile la zamani lilikuwa limepasuka, kwa hiyo alichonga lingine kwa kipande cha mpingo alichopewa na wachonga vinyago wa Mwenge. Nilibaki peke yangu naye kama robo saa, mama kaenda kununua maji, akanieleza kazi yenyewe. Mpingo una mafuta, ukiupaka gundi hivihivi haushiki, kwanza unaufuta kwa spiriti na unaunganisha upesi kabla mafuta hayajarudi juu. Ni mti mzito, ukiutupa majini unazama, kwa hiyo alilichonga jembamba kuliko lile la kwanza. Kwao Kilwa, akasema, huo mti unakatwa unakwenda Ulaya kuwa klarineti, na magitaa ya watu wenye pesa. "La kwaya yenu limepata kipande."

Hakuniuliza tena habari ya nyuzi. Robo saa nzima tuko wawili tu, na hakuniuliza.

Alitutoza 20,000 ya kazi, na nailoni mpya kwa bei kamili. Halafu akachukua kalamu nene, akaingiza mkono kwenye tundu, akaandika juu ya ile karatasi ya ndani: NAILONI TU.

Mama mweka hazina alirudi Kihonda akatangaza kwamba Kariakoo kuna mzee mwizi, anauza gitaa bovu kisha anakutoza kulitengeneza. Parokia nzima ikaamini. Watu wakanunua magitaa ya watoto wao kwenye maduka makubwa kwa sababu ya kisa hicho, nawajua watatu. Sikumsahihisha mtu. Gitaa lenyewe lipo, tumelipiga Jumapili iliyopita, daraja halijasogea.

Mnaona basi kwa nini nilirukia kuwatetea. Nilipoanza kuandika nilidhani nina hoja. Ninachokiona sasa ni deni.

Hoja ikipimwa bila deni haiko imara hivyo. Duka lile halikuwa zuri kwa sababu ya udogo. Lilikuwa zuri mzee akiwemo. Alipokwenda kuswali, duka lilikwenda naye, na aliyebaki ndiye aliyeniuzia chuma. Kijana mwenye tai asingejua, lakini angalau asingejifanya anajua. Na magitaa yenyewe, haya ya bei yetu, mengi yanatoka China kulekule. Wilaya moja ya huko, Zheng'an mkoani Guizhou, inayatoa kwa mamilioni kila mwaka, majina kwenye vichwa vya magitaa yakibadilika kwa kadiri ya aliyeagiza. Unaweza kulikuta gitaa lilelile juu ya jokofu na juu ya ndoo.

Mtaniambia dhamana. Nakubali, nusu. Karatasi ya dhamana ina maana kama duka lipo. Shoprite waliwauzia Nakumatt maduka yao hapa nchini mwaka 2014, Uchumi wakafunga 2015, Nakumatt nao hawapo tena. Hata hivyo sina haki ya kulisema sana hilo, maana mzee mwenyewe naye hayupo. Alirudi Kilwa, wakasema majirani, na pale sasa wanauza makava ya simu. Mpwa ndiye anayeyauza. Hakunikumbuka.

Mwezi uliopita binti wa dada yangu alitimiza miaka kumi na mbili, anataka gitaa. Nilikwenda duka kubwa, na nililiendea moja kwa moja. Magitaa yalikuwa chini, yamesimama kwenye stendi, hakuna aliyenizuia. Dada muuzaji aliniuliza kabla sijafungua mdomo: "La nailoni au la chuma?" Nikacheka peke yangu. Anapiga kwenye kwaya Mbagala, akanipigia vipande viwili, mkono wake wa kulia ni mzuri kuliko wangu. Lakini nyuzi zilikuwa juu mno, na alipoona nazipima akasema kweli, ziko juu, ila hapa haturuhusiwi kufungua kitu, lipeleke kwa fundi.

Kwa hiyo hukumu yangu, kama bado mnaihitaji: nunueni duka kubwa. Najua nilikoanzia. Nunueni duka kubwa, lakini mlishike gitaa kwanza, na mkiambiwa boksi halifunguliwi ondokeni. Tengeni elfu thelathini ya fundi kabla ya kutoa hela ya gitaa. Na kama mnakaa karibu na mtu anayepima kwa vocha, sahauni niliyoyaandika hapa, nendeni kwake, ila si Ijumaa mchana.

Fundi sikumpata. Gitaa la mpwa wangu nililisugua mwenyewe, msasa juu ya kioo, mara nne kwa sababu mkono wangu ni mwoga. Mama mweka hazina ni jirani yao pale, alikuja kuliona, akaniuliza kwa nini naingiza mkono kwenye tundu na kalamu. Nikamwambia sogea karibu, mama, kuna jambo la Pasaka ya 2012 sijawahi kukueleza.