Bibi, wajukuu na goti linalouma: mazoezi gani pamoja, na kwa kiasi gani?

SWALI: Nina miaka 66, naishi Shangani, Mtwara, na wajukuu watatu: wa miaka 10, wa 6 na wa 3. Nina presha, natumia amlodipini na dawa ya kupunguza maji mwilini. Goti la kushoto linauma mwaka wa nne sasa, hospitali waliniambia limesagika. Mwezi uliopita nilianza kutembea na wajukuu ufukweni asubuhi, nusu saa. Siku ya tatu goti likavimba, nikashindwa hata kuinuka vizuri baada ya sijda. Na hao watoto wenyewe: mkubwa anatukimbia, wa kati ananung'unika, mdogo anataka kubebwa. Nataka tufanye mazoezi pamoja, si wao kivyao na mimi kivyangu. Tufanye yapi, na je, nibebe mtoto au nisibebe? (Bibi wa watatu, Shangani)

JIBU: Shikamoo, bibi. Kilichovimbisha goti lako kina uwezekano mkubwa kuwa ni mchanga na haraka ya kuanza, wala si dalili kwamba mazoezi hayakufai tena. Ule mchanga mkavu wa juu, ambao mguu unazama, unaweza kukutoza nguvu zaidi ya mara mbili ya ardhi ngumu kwa mwendo uleule, maana kila hatua mchanga unakimbia chini ya kisigino na paja linakosa pa kusukumia. Tena ufukwe umeinama kuelekea baharini, kwa hiyo njia nzima mguu mmoja unakanyaga chini kuliko mwenzake na goti linavutwa upande. Goti lililosagika linapenda kazi, na kazi ndiyo dawa yake kuu. Lisichopenda ni kutoka kwenye sifuri hadi nusu saa ya mchanga laini ndani ya siku tatu.

Kwa hiyo tembeeni kwenye mchanga mgumu wenye unyevu, ule ambao maji yameuacha punde na nyayo zinaacha alama ndogo tu. Saa za kupwa na kujaa husogea mbele kama dakika 50 kila siku, hivyo wiki hii asubuhi itafaa na wiki ijayo huenda maji yakawa juu saa hiyohiyo. Siku hizo msilazimishe. Tembeeni barabara tambarare ya mtaani. Vaa raba au sendo yenye mkanda wa kisigino. Ndala hapana: vidole vinakazana kuishikilia isitoke, hatua zinakuwa fupi, na ndiyo inayojikwaa. Dera likiwa refu, jifunge kibwebwe kiunoni mpaka pindo lipande juu ya kifundo cha mguu.

Malalamiko ya wajukuu nayo yana sababu yake. Mtu mzima anatembea kwa mwendo mmoja. Mtoto anakimbia, anasimama, anachuchumaa kuokota kombe, anakimbia tena. Mkimpanga atembee sambamba nawe, wewe unakwenda haraka kuliko goti linavyotaka na yeye anachoka kwa kuchoshwa. Muwe mahali pamoja, kila mmoja na kipimo chake. Wewe ndiye unayetembea moja kwa moja, wao wanakimbia hadi mnazi wa mbele, wanaugusa na kurudi kukugusa mkono. Ukitembea wewe mita 500, wa miaka 10 atakuwa amemaliza zaidi ya kilomita. Wa miaka 3 mpe nusu ya njia, kisha mkae mchanga uchezewe. Umri huo hauna haja ya matembezi marefu bali ya kuchezacheza siku nzima.

Wiki ya kwanza tembea dakika 10 tu, siku tano. Kila wiki ongeza dakika 5, hadi ufike 30. Hapo utakuwa na dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini ambacho mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri watu wazima, wazee wakiwemo. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanatakiwa wastani wa dakika 60 kwa siku, kwa hiyo zinazobaki watazimaliza wenyewe uwanjani. Mwendo unaofaa ni ule unaoweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, lakini ukijaribu kuimba pumzi haitoshi. Tokeni kabla ya saa 1:30 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, hasa Novemba hadi Machi joto linapokuwa na unyevu. Dawa ya kupunguza maji inakukausha mapema kuliko wengine, hivyo kunywa glasi moja kabla na moja baada, isipokuwa kama daktari amekuwekea kipimo cha maji.

Kabla ya yote hayo, presha. Pimwa ukiwa umekaa umetulia dakika 5, kisha simama, upimwe tena baada ya dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ukiona giza, mweleze daktari kabla ya kuanza, maana dawa zinaweza kuhitaji kurekebishwa. Siku ambayo ukiwa umetulia unasoma 180 kwa 110 au zaidi, hakuna mazoezi, ni kliniki. Na kama miguu yote miwili inavimba kwenye vifundo jioni, huenda ni amlodipini, si goti; usichanganye mambo hayo mawili.

Sasa bibi, kutembea peke yake hakutoshi, na hapa ndipo wazee wengi wanapopunjwa. Kinachomwangusha mzee ni mapaja yaliyolegea na mizani iliyopotea, yaani uwezo wa kusimama bila kuyumba, na kinacholilinda goti lililosagika ni msuli wa mbele ya paja. Zoezi lake ni kuinuka kitini, siku tatu kwa wiki, siku ya kati ni ya mapumziko. Nalieleza kwa kirefu kwa sababu likifanywa ovyo linaumiza goti lilelile linalotakiwa kulisaidia.

Kiti kiwe kigumu, kimo chake kama sentimita 45, na mgongo wake uegemee ukuta. Kiti cha plastiki juu ya sakafu laini ya saruji huteleza nyuma, na miguu yake hutanuka. Kama ni hicho tu, tandika mkeka au zulia la mpira chini yake. Kibao cha mbuzi ya nazi kisitumike kwa zoezi hili, ni kifupi mno. Kaa nusu ya mbele ya kiti. Nyayo zitengane kwa upana wa nyonga na zirudi nyuma kidogo ya magoti. Mikono mbele. Inama kutoka nyongani hadi pua ifike juu ya vidole vya miguu, halafu sukuma sakafu kwa visigino, uinuke kwa hesabu ya mbili huku ukitoa pumzi. Usibane pumzi, maana kubana kunaipandisha presha papo hapo. Shuka kwa hesabu ya nne. Hapo kwenye kushuka ndipo penye faida, na ndipo watu wanapoiba: wanafika nusu, wanajiachia puu. Utani wa bibi na mjukuu unafaa hapa. Mpe wa miaka 10 kazi ya kuhesabu kwa sauti, naye hatakuonea haya kusema hiyo haihesabiki. Wa miaka 6 asimame mita moja mbele na mpira wa matambara: ukisimama unamrushia, ukikaa anaruka kichura mara moja na kukurudishia.

Mara 8, pumzika dakika moja, rudia hadi raundi tatu. Angalia magoti: yakikutana katikati kama yanayotaka kusalimiana, uzito unaangukia upande wa nje wa kiungo. Kunja kanga, ifunge kuzunguka mapaja juu kidogo ya magoti, na unapoinuka isukume kidogo kwa nje. Magoti yatakaa sawa yenyewe. Ukishindwa kuinuka bila kujivuta kwa mikono, weka blanketi lililokunjwa kitini kuongeza sentimita 10. Kadiri unavyopata nguvu, punguza mikunjo.

Mizani ifanywe kila siku, dakika tano zinatosha. Simama karibu na nondo za dirisha, mkono ukiwa tayari kuzishika. Kwanza nyayo sambamba na zimegusana, kisha kisigino cha mguu mmoja kiguse ubavu wa kidole gumba cha mwingine, kisha mguu mmoja mbele ya mwingine kama anayepita juu ya gogo, mwisho mguu mmoja tu. Kila hatua sekunde 10. Usipande nyingine kabla ya hiyo kutulia. Watoto washindane nawe. Wa miaka 6 mara nyingi atayumba kabla yako, na hilo litampa hamu ya kurudi kesho. Lakini mjukuu asifanywe fimbo. Mtoto wa kilo 20 hawezi kumzuia mtu mzima anayeanguka, mtaanguka wote.

Mchezo wa kuwakusanya wote ni rede. Mko watatu mnaotosha: wewe mwisho mmoja, mjukuu mmoja mwisho wa pili, mmoja katikati akikwepa mpira na kujaza chupa mchanga. Tengeni mita 6. Wewe unarusha kwa chini, mkono ukitokea pajani, huku mguu wa upande mwingine ukipiga hatua moja mbele. Hatua hiyo ndiyo mazoezi yako, kurusha ni kisingizio. Badili mkono kila mara tano. Mpira ukikupita usiukimbilie wala usigeuke ghafla, maana kugeuka huku mguu umekanyaga kunalisokota goti. Mtoto ataufuata, na mbio hizo ni zake. Dakika 10, kwenye kiwanja kisicho na mizizi ya mkorosho iliyojitokeza.

Umetaja sijda, basi tuseme na kuinuka kutoka kwenye mkeka. Fanya mara mbili tatu kila siku, hata kama hujaanguka, kwa kuwa siku ukianguka utakuwa unaijua njia. Geuka ubavu, jiinue kwa mikono hadi uwe kama mtoto anayetambaa, kanga iliyokunjwa ikiwa chini ya magoti. Lete mguu wa kulia mbele, huo mzima, unyayo wote chini. Weka mkono kwenye kiti kilicho mbele yako, mwingine juu ya paja la kulia, sukuma. Ukishasimama hesabu hadi kumi kabla ya kupiga hatua, presha ipate muda wa kukaa sawa. Kushuka ni njia ileile kinyumenyume, mguu wa kulia ukiwa mbele tena. Kama goti bado limevimba, swali kitini kwa sasa.

Kuhusu kubeba: wa miaka 6 hapana kabisa. Wa miaka 3, ambaye kwa kawaida ana kilo 13 hadi 15, usimwinue kutoka chini. Apande kwenye kiti au ngazi kwanza, mkumbatie karibu na kifua, umbebe kwa muda mfupi na mahali tambarare. Ule mchezo wa kumning'iniza kwa viganja na kumzungusha uacheni, wewe na hao kaka zake pia. Katika umri huo kiwiko kinachomoka kwa urahisi kwa kuvutwa mkono: mtoto analia ghafla, mkono unaning'inia, hataki uguswe. Ikitokea, msijaribu kuuvuta wenyewe, mpelekeni hospitali. Ukitaka kumrusha juu kidogo, shika chini ya makwapa, na aliye imara wa miguu ndiye afanye hivyo.

Maumivu yapime kwa kumi. Yakiwa 3 au 4 wakati wa zoezi na kesho yake asubuhi yamerudi pale yalipokuwa, endelea. Yakizidi, au goti likiamka limevimba, punguza kipimo kwa nusu, usiache kabisa. Kuacha kunalegeza paja na goti linazidi kubaki peke yake. Siku ya uvimbe weka barafu iliyofungwa kitambaa dakika 15. Nakusihi usikimbilie diklofenaki au ibuprofeni za duka la dawa: zinapandisha presha, na pamoja na dawa yako ya kupunguza maji zinaweza kuumiza figo. Muulize daktari kwanza.

Goti likikwama halikunjuki, likiwa jekundu na la moto pamoja na homa, au muundi mmoja ukivimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikibana au pumzi kukata, acha palepale na utafute msaada. Usipopata nafuu kwa kufuata haya, kitengo cha fiziotherapia hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwenu na Sokoine kwa walio Lindi, ndipo pa kuulizia wakuangalie unavyotembea.

Msimu wa korosho, kama unakwenda shamba kuokota, siku hiyo usiongeze matembezi. Kuinama asubuhi nzima kumeshahesabiwa. Ya kitini yabaki.

Leo, kabla ya kuanza, mjukuu mkubwa aweke saa ya simu sekunde 30 na ahesabu mara ngapi unainuka na kukaa, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Kwa mwanamke wa miaka 65 hadi 69, chini ya 11 ni dalili kwamba miguu ni dhaifu na hatari ya kuanguka ipo. Aandike namba na tarehe kwenye daftari. Wiki ya sita mrudie. Ukipita 14 bila goti kulalamika, chukua chupa mbili za nusu lita, wajukuu wazijaze mchanga mkavu, zitakuwa na karibu gramu 800 kila moja, uzishike kifuani unapoinuka.