Sikiliza Besi Kwanza: Ninavyopanga Albamu za Gospo ya Kusini

Mara ya kwanza kupanga albamu zangu za gospo ya Kusini mwa Marekani, nilifuata tenori, yaani sauti ya juu ya wanaume. Makundi mengi ya muziki huu wa injili ni ya watu wanne, na anayeshika sauti ya chini kabisa ndiye besi. Aliyepanda juu kuliko wenzake mwisho wa wimbo, albamu yake nikaiweka juu. Baada ya miezi miwili nikajikuta zile za kileleni sizigusi kabisa, na nisiyoacha kuisikiliza ipo namba saba. Aibu zaidi kwangu, maana kwayani mimi ni mtu wa sauti ya nne, hiyo hiyo besi.

Sasa nafanya hivi. Nachagua wimbo wa polepole, namfuata besi peke yake mpaka mwisho. Anavuta pumzi wapi? Neno la mwisho wa mstari analitamka au analimeza? Besi akiwa mvivu, tenori hata apasue dari, albamu itakuchosha. Na tafadhali usitumie spika ya simu. Haitoi besi, utabaki na watu watatu na nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Vaa hedifoni, hata za bei ya chini.

Kwa kipimo hicho, namba moja yangu ni *A Farewell Celebration* ya kundi la The Cathedrals, ya mwaka 1999. Ilirekodiwa Ryman Auditorium, Nashville, jengo lililojengwa kama nyumba ya mikutano ya injili. Mpaka leo watu hukaa kwenye mabenchi kama ya kanisani. George Younce, besi wao, alikuwa anasumbuliwa na figo. Hapigi kelele hata kidogo. Anashuka chini taratibu kama mzee anayeketi kwenye kiti chake cha siku zote, na neno unalisikia lote. Mwenzake wa miaka mingi, Glen Payne, alifariki Oktoba mwaka huohuo. Ukilijua hilo, utani wao jukwaani unausikia kwa sikio lingine.

Namba mbili huniletea ugomvi: *How Great Thou Art* ya Elvis Presley, 1967. Wenye msimamo mkali wanasema si gospo ya kusini. Nawajibu kwamba nyuma yake wapo The Imperials, kundi la gospo ya kusini, pamoja na Jake Hess, mwimbaji ambaye Elvis alimhusudu tangu ujana. Albamu hiyo ilimpatia Elvis tuzo yake ya kwanza ya Grammy. Wimbo uliobeba jina la albamu ndio huohuo tunaouimba “Bwana Mungu, nashangaa kabisa”, kwa hiyo ukiwa mgeni wa muziki huu anzia hapo. Sauti tayari unazo kichwani, utasikia haraka wamefanya nini tofauti. Upande wa kwanza wa sahani ya santuri ni wa taratibu, wa pili umechangamka. Ila wimbo wa mwisho wameupachika tu, ni rekodi ya 1960. Mimi huzima kabla haujaanza.

Ya tatu ni *Homecoming* ya kundi la Gaither Vocal Band, 1991. Hii naipenda zaidi kwa kilichotokea studio: wazee wa muziki huu waliitwa kurekodi wimbo mmoja, kazi ikaisha, wakakataa kuondoka, wakazunguka piano wakaendelea kuimba huku kamera zinachukua. Ule mfululizo mrefu wa video za Homecoming ulizaliwa siku hiyo. Nikipanga kwa albamu peke yake, bila video, pengine ingeshuka hadi ya tano.

The Happy Goodmans, kundi la familia, nawaweka peke yao. Sauti ya Vestal Goodman huwezi kuipima kwa kipimo changu cha besi, mama yule anafunika wote.

Halafu kuna albamu ya 2010 ya Ernie Haase na kundi lake Signature Sound, ya kuwaenzi The Cathedrals. Haase aliimba tenori kwa wazee wale, tena ni mkwe wa Younce. Ni nzuri na safi, lakini usianze nayo. Juzi niliisikiliza kwenye daladala, nikajikuta naimba besi ya Younce juu ya besi ya kijana wa kundi la Haase. Konda akaniuliza kama naumwa.