Barua kwa mwanangu: ziwa na Kibo hugawana mvua

Mwanza

Mwanangu Neema,

Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu na anauliza kama lile blanketi lilikufikia. Umeniuliza kama uchangie fedha za hao wenzako wa Moshi wanaotaka kuifunika barafu ya Kibo, kilele cha juu cha Kilimanjaro, kwa vitambaa vyeupe, kama wafanyavyo Uswisi. Kabla ya fedha, mama, tuanze na mvua. Msimamo wangu unaujua tangu ukiwa shule ya msingi: barafu ikipungua, usitazame kinachotoka tu, tazama na kinachoingia.

Mwaka 1912 Kibo ilikuwa na barafu ya kilomita za mraba kama 12. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Watu husema ni joto, wakaishia hapo. Lakini kule juu, karibu mita 5,800, wastani wa joto la hewa ni nyuzi 7 chini ya sifuri. Inayoila barafu ni miale ya jua, na sehemu kubwa haiwi maji hata kidogo: inageuka mvuke moja kwa moja, ikachukuliwa na hewa kavu. Kinga yake ni theluji mpya. Theluji safi hurudisha angani asilimia 80 hadi 90 ya mwanga. Barafu kuukuu yenye vumbi hurudisha chini ya nusu. Theluji ikiadimika, basi, hasara ni mara mbili: barafu haiongezeki, na inabaki wazi mbele ya jua.

Ukavu huo haukuanza jana. Mwishoni mwa miaka ya 1870 Ziwa Victoria lilijaa sana, kisha likashuka, na barafu ya Kibo nayo ikaanza kurudi nyuma kuanzia kama 1880. Si kwamba vinapeana maji. Maji ya Kibo huishia Bahari ya Hindi, mengi yakipitia Pangani. Halifiki huku hata tone. Ila mvua za pande zote mbili hufuata sana mabadiliko ya bahari hiyo.

Ndiyo maana habari ya shangazi yako wa Luchelele inaniuma hadi leo. Mwaka 2020 maji yalipopanda, mtu anayeheshimika alisimama mkutanoni akasema ni barafu ya Kilimanjaro imeingia ziwani, ikiisha maji yatarudi. Shangazi akaamini, akangoja. Unakumbuka ukuta wa jikoni ulivyoanguka na magunia ya mahindi yalivyolowa. Ziwa letu hupata karibu asilimia 80 ya maji yake kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mvua kubwa za 2019 na 2020 ndizo zilizolijaza. Angeambiwa hivyo angehama mapema, maana mvua alikuwa anaiona kwa macho yake. Mzee yule hakuwa na nia mbaya, nakubali. Ukuta ulianguka vilevile.

Sasa vitambaa. Vinafanya kazi, sikatai. Kwenye barafu ya Rhône kule Uswisi, na Presena kule Italia, wamewahi kutandika vitambaa vizito vya plastiki joto linapoanza, wakaviunganisha ukingo kwa ukingo na kuvikandamiza ili upepo usiingie chini. Mahali palipofunikwa huokoka nusu ya barafu ambayo ingeyeyuka, au zaidi. Kabla ya majira ya baridi huvitandua ili theluji mpya ishikane na barafu. Kibo ina masika na vuli: itabidi kutandua mara mbili kwa mwaka. Kuta zake nyingi zimesimama wima, kitambaa kitaning'inia na kupigwa na upepo. Na uzito je? Tuseme nusu kilo kwa mita ya mraba: kilomita moja ya mraba ni tani 500. Wapagazi wakibeba kilo 20 kila mmoja, ni mizigo 25,000 ya kupandisha, na kuiteremsha tena. Kitambaa kikichafuka hunyonya joto. Kikichakaa hutoa nyuzi za plastiki zinazoingia majini. Tena hakileti theluji.

Lakini hapo najibishana mwenyewe. Hewa ukaa, ile inayonasa joto, ilikuwa sehemu 280 kwa milioni kabla ya viwanda, leo imepita 420, na bahari zenyewe zinapata joto. Siwezi kuendelea kusema mvua, mvua, kana kwamba anayevuruga mvua hajulikani. Kupunguza hewa hiyo ndiko kunakogusa barafu zote, za milima ya Alps kule Ulaya na za Rwenzori pia. Na tena, mwaka 2000 watafiti walitoboa barafu ya Kibo, wakakadiria tabaka za chini zina miaka zaidi ya 11,000. Kuhifadhi hata kipande kidogo chake si upuuzi.

Ila kama wenzako wanachowaza ni maji ya Moshi, msitu una uzito kuliko barafu. Miti na kuvumwani hunasa ukungu ukadondoka kuwa maji. Moto wa Oktoba 2020 uliunguza eneo kubwa la vichaka vya juu, na hapo fedha kidogo zinafanya kazi: njia za kuzuia moto, doria za kiangazi, miche ya asili.

Ulimi unaniwasha nikwambie usitoe. Sisemi. Waulize nani atatandua kabla ya vuli, kitambaa kitafungwaje kwenye ukuta wima, na vilivyochakaa vitateremshwa kwa fedha ipi. Wakikujibu kwa hesabu, kutoa au kutotoa ni juu yako. Wakisema wataona mbele ya safari, nipigie kabla hujatuma.

Baba yako