Jibu: Mtoto wa miaka 8 kavunjika paja, vyuma au kuvutwa mguu?

Pole sana mkuu, na kijana mpe pole. Umeuliza ukubali awekewe vyuma au avutwe mguu kwa mawe, yaani uzito unaoning'inizwa ili kuunyoosha mfupa, huku bibi yake akigoma mjukuu "asikatwe" na ameshapata mtu wa kumuunga kijijini. Mimi ni muuguzi wa wodi ya mifupa, na wangu mwenyewe aligongwa na bodaboda akiwa darasa la tatu. Alivunjika paja katikati kama wako. Nilikubali vyuma, na leo ningekubali tena.

Kinachoamua kwanza ni umri. Angekuwa na mwaka mmoja ningekwambia usithubutu upasuaji: hao tunawaning'iniza miguu yote miwili juu, makalio yakinyanyuka kidogo tu kitandani, na kila mara tunagusa vidole kama vina joto. Wa miaka mitatu minne hufungwa plasta kuanzia kiunoni. Mfupa wao huunga upesi, na hata ukipinda kidogo hujinyoosha. Miaka 8 ni habari nyingine. Kuvutwa kunaponya, sikudanganyi, ila ni wiki kadhaa kitandani, mzazi mmoja kazi imesimama, na plasta ya kiuno kwa mtoto mkubwa ni mtihani, hasa akibanwa na haja.

Sasa huko "kukatwa". Si lile chuma nene la mtu mzima. Ni vijiti viwili vyembamba vinavyonepa, mara nyingi vya titani, mtindo uliosambaa kutoka Nancy, Ufaransa, miaka ya 1980. Mtoto anapigwa nusu kaputi, anapasuliwa sehemu mbili ndogo juu ya goti, upande wa ndani na wa nje, mfupa unatobolewa mbali kidogo na pale unapokulia, kisha vijiti vinasukumwa hadi vivuke palipovunjika. Kila kimoja kimekunjwa kama upinde, hivyo vinakabana humo ndani na kuushika mfupa. Pakiwa na mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji, mara nyingi paja halifunguliwi kabisa. Isipokuwepo, huenda daktari akapasua kidogo palipovunjika. Uliza hilo mapema.

Uliza pia uzito. Akikaribia kilo 50, vijiti hivyo huweza kuelemewa, na daktari atafikiria bamba la chuma linalofungwa kwa skrubu kwenye mfupa, au chuma kigumu kinachoingilia pembeni ya nyonga. Pembeni, kwa sababu njia nyingine inaweza kuharibu mishipa inayolisha kichwa cha paja. Mfupa ukiwa umetoka nje, mara nyingi huanza antena, yaani vyuma vinavyokaa nje ya mguu vikishikwa na pini zilizoingia mfupani.

Hofu ya mguu kudumaa naisikia kila wiki. Kwa watoto wa umri huo kinachotokea zaidi ni kinyume: mfupa uliovunjika huchangamka, mguu ukaweza kuuzidi mwenzake kwa sentimeta 1 au 2. Kisichojirekebisha ni mguu ulioungwa ukiwa umezunguka. Kabla hamjaruhusiwa, mlaze chali ulinganishe nyayo zinatazama wapi.

Usumbufu mkubwa utakuwa gotini. Ncha za vijiti huchomachoma chini ya ngozi, na mtoto hukataa kukunja goti. Mbembeleze akunje. Magongo asiyaache mpaka eksirei ionyeshe mfupa mpya umezunguka palipovunjika. Wangu alijaribu kuyaficha uvunguni! Vyuma hutolewa kati ya miezi 6 na mwaka, kwa hiyo anza kuweka akiba ya upasuaji wa pili.

Bibi mwambie kwa heshima zote: miguu ya watoto niliyoona ikikatwa kweli ilitoka kwa waunga mifupa, mianzi na vitambaa vimekazwa mpaka damu haipiti. Kama anataka kusaidia, akae naye wodini, mtoto anahitaji mtu.

Mkiwa mnasubiri zamu, hakikisha mguu umetulizwa na anapewa dawa ya maumivu kwa saa zake, usione haya kumkumbusha muuguzi. Ukishaonana na daktari, rudi utuambie ana kilo ngapi na eksirei imeonyesha nini.