Kazi ya kuwatafutia wengine kazi: neno kwa mliohitimu juzi

Wengi mliomaliza chuo mwaka huu mnawajua watu wa uajiri kwa upande mmoja tu: ni wale mnaowatumia CV na hawajibu. Ni wachache wanaojiuliza kama na wao wangeweza kukaa upande ule wa meza. Mimi nimeifanya kazi hii Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na mdogo wangu akiniuliza aanzie wapi na shahada ambayo haijamwonyesha njia, namwambia ajaribu huku. Sababu yangu si mshahara, maana wa kuanzia ni wa kawaida tu. Ni kwamba sijaona kazi nyingine ya kuanzia inayokufundisha upesi hivi jinsi ofisi za watu zinavyoendeshwa: nani analipwa nini, kwa nini watu wanaacha kazi, na bosi akisema "nataka mchapakazi" ana maana gani.

Kwanza ujue pesa inatoka wapi. Wakala wa ajira analipwa na mwajiri. Mtu akipatikana, mwajiri analipa ada, mara nyingi asilimia fulani ya mshahara wa mwaka wa huyo aliyeajiriwa, na akiondoka katika miezi michache ya mwanzo, yaani kipindi cha dhamana, wakala hutafuta mwingine bila malipo. Tangu zitoke kanuni za mawakala wa ajira za mwaka 2014, wakala haruhusiwi hata kujigeuza mwajiri wa watu anaowapeleka kwa mteja. Kwa hiyo hii ni kazi ya mauzo, tusidanganyane. Utapewa malengo, utapigia simu watu wasiokujua, na kuna mwezi utafunga hujampatia kazi hata mtu mmoja. Kama kumpigia mtu usiyemjua kunakutoa jasho, na huna nia ya kuzoea, tafuta kwingine.

Umesomea nini, hilo halina uzito sana. Nimekaa ofisi moja na waliosoma sosholojia, Kiswahili na jiolojia. Yule wa jiolojia alitushinda wote kwenye nafasi za migodini, kwa sababu akishika CV iliyotoka Geita alijua nani ameshinda kwenye mashimo na nani ameshinda maabara, wakati sisi tuliona vyeo tu. Na tangu kanuni za 2018 za kuwapa Watanzania kipaumbele katika sekta ya madini, mtu anayejua kuwatafuta wataalamu wa hapa hapa ana soko. Usiizike shahada yako. Angalia sekta yake inaajiri akina nani.

Kazi yenyewe inaanzia kwa mwajiri. Tuseme mkurugenzi wa kampuni ya usambazaji, Barabara ya Nyerere, anakupigia: anataka mhasibu mwenye CPA (cheti cha juu cha taaluma ya uhasibu), uzoefu wa miaka 5, aanze wiki ijayo. Mgeni wa kazi anaandika yote na kukimbilia kutangaza. Aliyekomaa anauliza: aliyekuwepo ameenda wapi? Hapo mzee anashusha pumzi, anaanza kukusimulia hesabu za stoo zisizolingana na vitabu. Kumbe anayemhitaji ni mtu wa kukaa ghalani na kuhesabu mali, asiyeogopa kubishana na madereva. CPA si lazima, na miaka 2 inatosha. Swali hilo moja limekupunguzia wiki nzima ya kusaka mtu asiyehitajika.

Wakati mwingine agizo linakuja na sumu. "Nitafutie msichana, ila asiwe na mtoto mdogo." Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mtu kwa jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia, na katazo hilo linamhusu hata mwombaji ambaye hajaajiriwa. Ukimsomea mteja vifungu kwenye simu utampoteza. Muulize, "Bosi, ni safari zinazokusumbua?" Akikubali, andika tu kwenye tangazo kwamba anayetakiwa awe tayari kusafiri wiki 2 kwa mwezi, kisha kila mwombaji ajipime mwenyewe. Akiendelea kung'ang'ania, mwache aende.

Upande wa waombaji, kinachoua dili mara nyingi ni hesabu. Mtu anasikia milioni 1.2 anashangilia, akikatwa kodi, NSSF asilimia 10, na asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo, anakurudia amenuna kana kwamba wewe ndiye uliyemkata. Mpigie hesabu ya mkononi kabla hajasaini. Na akishasaini, usijipongeze. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28, na siku hizo ndizo za hatari. Bosi wake anamwita ofisini, anamwongezea laki 2, anamkumbusha walikotoka. Jumapili usiku unapata ujumbe: "Dada, samahani, nimeamua kubaki." Dawa yake ni kumwuliza mapema, siku ya kwanza kabisa, kitu gani kinamwondoa pale alipo. Aliyesema ni pesa tupu atanunulika. Aliyesema msimamizi wake anamtukana mbele ya watu, huyo laki 2 hazimrudishi.

Jambo ambalo hakuna atakayekuambia: ndugu. Ukoo ukishasikia uko "kwenye mambo ya ajira", bahasha za kaki zitakufuata mpaka msibani. Mjomba hataelewa kwamba huna nafasi ya kugawa. Mimi huwa nakaa na kijana, namsaidia kuandika CV upya, namfundisha kujibu usaili, kisha namwacha ashindane na wenzake. Wapo walioninunia kwa hilo.

Na majibu, jamani. Mtu aliyekuja usaili kwa nauli ya kukopa anastahili kuambiwa amekosa, hata kwa mistari miwili. Vilevile CV ya mtu si meme ya kusambaza kwenye magrupu ya WhatsApp; ina namba yake ya simu na anapoishi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamlinda. Ukitaka kuipeleka kwa mteja, mwombe ruhusa kwanza. Hao unaowakosesha kazi leo, baadhi yao baada ya miaka 5 ndio watakuwa mameneja wanaokupa oda.

Sasa, ukiitwa usaili kwenye kampuni ya uajiri, na wewe uliza. Omba kujua kama wana leseni ya uwakala. Uliza mshahara ni kiasi gani na kamisheni inaanza kuhesabika lini: mteja akishalipa, au mtu akishamaliza kipindi cha dhamana? Tofauti yake inaweza kuwa miezi 3 bila nyongeza yoyote. Mwisho, uliza mtafuta kazi anachangia nini. Wakikutajia hela ya fomu au ya usajili, chukua vyeti vyako uage.