Vijumba viwili vya mjomba wako

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Tororo. Sisi wazima, goti la baba yako limepungua kuvimba. Ujumbe wako nimeupata. Unauliza ule mchezo wa vijumba tuliokuwa tukiucheza umeme ukikatika ulianza na vitone vingapi, kwa sababu Jumamosi wenzako wa hapo Gulu wanakuja kwako na mmekubaliana simu zikae kapuni.

Vitone ni jambo dogo. Chora 6 kwa 6, utapata vijumba 25. Ukichora 5 kwa 5 ni vijumba 16, na watu wawili wanaweza kugawana nane nane wakabaki wanatazamana. Kila mtu kwa zamu yake anaunganisha vitone viwili vilivyo jirani, kwenda chini au kwenda kando, mshazari hakuna. Anayefunga kijumba anaandika herufi yake ndani, na analazimika kuchora tena. Hapo pa kulazimika wasisitizie.

Lakini ulilopaswa kuniuliza ni kama uwaambie siri yake. Mimi nasema waambie. Anayeleta mchezo alete na siri yake.

Habari za mjomba wako na karatasi za simenti unazijua, ila mwisho wake sidhani kama nimewahi kukusimulia. Ilikuwa miaka ya magendo, daftari halipatikani, na likipatikana ni la shule tu. Babu yako akirudi kutoka kazini reli alikuwa akituletea mifuko mitupu ya simenti. Ile karatasi ya katikati, isiyoguswa na vumbi, mjomba wako aliikata kwa wembe na kuinyoosha kwa kiganja. Penseli moja tuliigawa vipande viwili. Akatuambia mchezo kaubuni yeye, na kwota nzima ya reli ikaamini. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba Mfaransa mmoja wa hesabu, Édouard Lucas, aliuandika na kuuchapisha mwaka 1889. Mjomba wako hadi leo hataki kulisikia hilo.

Siku hiyo nilikuwa mbele, vijumba 9 kwa 5, watoto wa kwota wametuzunguka. Vilibaki vichochoro viwili, ndivyo tulivyoziita safu za vijumba vilivyoshikana, ukigusa kimoja mwenzako anaweza kuvifunga vyote mfululizo: kimoja cha vijumba vinne, kingine cha saba. Zamu yangu, na popote nitakapogusa namfungulia. Nikafungua kile kifupi, maana atakula vinne vyake, kisha atalazimika kunifungulia kirefu. Akala viwili. Halafu, badala ya kumalizia, akapiga mstari kwenye mdomo wa mwisho wa kichochoro, akaniachia viwili vilivyopungukiwa na mstari mmoja tu kati yao. Nikauchora kwa kishindo, nikaandika herufi yangu mara mbili, watoto wakashangilia. Kumbe sasa nalazimika kuchora tena, na hakuna pa kuchora ila ndani ya kile cha saba. Akavila vyote, herufi baada ya herufi, taratibu kama karani wa posta anayegonga mihuri. 14 kwa 11.

Nakuandikia haya na uso unanipata moto. Hata ningevikataa viwili vile, zamu ingebaki yangu. Dawa yake iko mapema: uhesabu vichochoro wakati bado vinajengeka, uone ni nani atakayelazimika kufungua cha kwanza. Hilo hakuniambia.

Baba yako anasema mjomba wako hakunidanganya, sheria zote nilipewa. Kweli nilipewa. Na kama angeniambia, nisingekaa nyuma ya jiko nikichora mavumbini kwa kijiti mpaka nikaiona siri mwenyewe, furaha ambayo sijui nitailinganisha na nini. Siku nilipomwachia yeye viwili, hakuvigusa. Aliviangalia, akaniangalia mimi, akaweka penseli chini. Ee mwanangu! Sasa mtu atasema alinifundisha kwa kunificha. Lakini nilikuwa mtoto wa miaka kumi mbele ya watoto wenzangu, naye alikuwa na kumi na minne. Anayeleta mchezo alete na siri yake, sijaona sababu ya kulibadili hilo.

Kama alifanya vyema au vibaya, sitaamua. Ni kaka yangu, na siku ya Idi atakula hapa kwangu. Ila ulimi unaniwasha.

Wewe waambie wenzako. Au cheza nao raundi moja kwanza, waone vile viwili vinavyonukia, kisha uwaambie. Moja tu, isizidi. Msalimie mkeo, na yeye mwambie kabla ya wote.

Mama yako