Happy, joy, glad: majibu ya maswali yenu

Maswali ya safari hii karibu yote inazunguka furaha na namna ya kuisema mu Kingereza. Nimechagua yale yenye inaweza kusaidia batu mingi, ingine nimeiunganisha juu ilikuwa ni swali ile ile.

Mwalimu, tofauti ya "happy" na "joy" ni gani? Kwangu yote ni furaha tu. (Mwanafunzi, Katuba)

Hii swali nimeijibu mara na mara na inarudi vile vile, mutu anaandika "I am joy", anatuma, kisha anashangaa juu ya nini Muzambia hamuelewi. Sikieni muzuri. "Happy" inasema mutu eko namna gani, sawa vile unasema mutu ni mukubwa ao amechoka. "Joy" ni kitu yenyewe, ni ile furaha. Kwa hiyo unasema "I am happy". Ukisema "I am Joy" mutu ataelewa kama unamutajia jina yako.

Kosa inatoka ku namna tunasema siye wenyewe. Tunasemaka "niko na furaha", basi mutu anachukua "niko" anaweka "I am", kisha anauliza telefone furaha ni nini, telefone inamupa "joy", anabandika. Kila neno peke yake ni ya kweli na fraze ni ya bure. Nimesema na nitaendelea kusema, musijifunze neno moja moja, mujifunze fraze nzima vile inatoka mu kinywa ya mutu mwenye kuisema kila siku. Ile programu ya kutafsiri ukiipa neno moja itakurudishia neno moja, haijui unaandikia nani wala juu ya nini. Angalau uipe fraze nzima.

Kisha kuna uzito. "Happy" ni ya kila siku, umelala muzuri, umelipwa, soko imetembea. "Joy" inakuja na nguvu: mama mwenye mutoto wake alipotea toka asubuhi, mangaribi banamuletea mutoto ku mulango, ile ni "joy", analia nayo, njo maana banasema "tears of joy" na "she jumped for joy". Na "happiness" ni hali ya maisha, ni kitu ya kudumu. Wamarekani mu tangazo yabo ya uhuru ya 1776 baliandika kama mutu ana haki ya maisha, ya uhuru na ya kutafuta "happiness", habakuandika "joy", juu pale banaongea namna mutu anaishi miaka yake yote, haiko mambo ya feti ya siku moja. Na iandikeni muzuri: "happier", "happily", "happiness", zote na i. Ile y inabakia paka mu "happy".

Naweza kusema "I am enjoy"?

Hapana. "I am enjoying myself" kama uko mu feti sasa hivi, "I enjoyed the food" kama umekula na umependa. "Enjoy" inataka kitu nyuma yake. Na kama ni tendo, weka -ing: "I enjoy cooking", haiko "I enjoy to cook".

Jambo Mwalimu. Miye ninafanyaka biashara ya unga ku Kasumbalesa. Mutu wa Chililabombwe, kule Zambia, mwenye ananiuzishaka aliniandikia mu Watsapu: "We are not happy with the balance." Nikamujibu "Thank you, God bless you." Toka siku ile hapakii mizigo yangu. Nilikosa nini?

Pole sana mama. Nashukuru umeuliza waziwazi, juu hapa njo penye hii neno inaumizaka batu mu mufuko.

Mutu wa biashara akisema "not happy", haiko kusema roho yake ina huzuni, ao alilala vibaya. Ni malalamiko. Na "balance" pale ni deni yako yenye imebakia. Zambia ilikuwa mu mikono ya Waingereza mpaka 1964, na Kingereza njo luga ya serikali yabo mpaka leo, basi na adabu ya Kingereza balibakia nayo, ile ya kusema kitu kikali na maneno ya kupoa. Mutu wa kwetu angekupigia simu: "Mama, ile deni imenichokesha, lipa." Yee anaandika "We are not happy", na kwake amekwisha kupiga kelele. Sasa weye unamujibu asante na baraka. Anawaza nini? Anawaza huyu mama hana nia ya kulipa.

Mwandikie leo, usingoje: "I am sorry about the balance. I will pay half on Friday and the rest next week. Are you happy with that?" Uangalie ile swali ya mwisho. Haumuulizi kama anafurahi, unamuuliza kama anakubali. Akijibu "Yes, I'm happy with that", muko na mapatano, na kama siku ya tano inapita bila kulipa, weye njo umevunja neno.

Vile vile "I'm happy to wait" ni kusema hakuna shida, nitangoja. "We would be happy to help" ni adabu ya maofisi, inaonyesha kama banakubali kusaidia, usifikiri bamekuwa barafiki yako. Na mushike maneno madogo yenye inafuata: "happy with" ni juu ya kitu ao kazi, "happy about" ni juu ya habari, "happy for" ni juu ya mutu mwenye amepata baraka, "I'm happy for you". "Happy of" haiko, mutoe ile "of", ni Kifaransa chenu njo inaileta.

Niongeze kitu yenye haukuuliza. Mapatano ya pesa musiifunge paka mu mesaji ya luga yenye hamujui muzuri. Muandike hesabu na tarehe, namba haina luga. Na pale mupaka batu mingi banaongeaka Kibemba, na siye wa Lubumbashi Kibemba tuko nayo mu lopango. Kama Kibemba yako ni nguvu kupita Kingereza yako, mupigie simu na Kibemba, hakuna haya ndani yake. Naona bamama banapoteza mali juu ya kutaka kuonekana banajua Kingereza, na ile inaniuma.

Mutoto wetu mwanamuke anaitwa Furaha, anaenda kusoma Ndola, kule Zambia. Tumuandikishe Joy ao Happiness? (Papa, Kampemba)

Furaha. Aandikwe Furaha, herufi kwa herufi vile iko ku akte ya kuzaliwa na ku pasporo. Jina haigeuzwi, papa. Leo mutamuandikisha Joy, diploma itatoka na Joy, pasporo inasema Furaha, na siku ya kutafuta kazi mutoto atatembea mu maofisi kutafuta makaratasi ya kuapa kama Joy na Furaha ni mutu mumoja, na kila muhuri ni pesa. Bazungu na Bazambia batajifunza kutamka Furaha, silabi tatu tu, hakuna mutu itashinda.

Ni kweli ku Tanzania kuna banamuke mingi banaitwa Happiness na Gladness, lakini ile ni majina balipewa na bazazi. Na kwa wale wenye banauliza kila mara juu ya Joyce: Joyce haitoke ku "joy". Inatoka ku jina ya zamani ya mutakatifu wa Bretagne, ile Wafaransa banaita Josse. Félicité njo iko na maana ya furaha, inatoka ku Kilatini. Muache kuambia Joyce zenu kama majina yabo ni furaha.

Ninatafsiri mahubiri mu kanisa yetu, tunapokea bahubiri ba Zambia. Juu ya nini Biblia ya Kifaransa inasema "Heureux les pauvres en esprit" na ya Kingereza inasema "Blessed"? Nani amekosa?

Hakuna mwenye amekosa, na hii swali inanifurahisha kweli juu inaonyesha unasoma mbele ya kusimama mbele ya batu. Pale mu Matayo 5 Kigiriki inasema "makarioi". Segond, ile Biblia ya Kifaransa, iliweka "heureux". Biblia ya Kingereza ya 1611, ile ya King James, iliweka "blessed". Biblia ingine ya Kingereza cha sasa, kama Good News, iliweka "happy". Na yetu ya Kiswahili inasema "Heri walio maskini wa roho", na kwangu heri njo iliingia muzuri kuzipita zote, juu ndani yake kuna baraka na kuna furaha pamoja.

Lakini hauwezi kuchukua "happy" ya kila siku uipeleke pale mu Matayo bila kuangalia. Mu Kingereza cha zamani "hap" ilikuwa bahati, kitu chenye kinakuangukia. Ndani yake mulitoka "happen", na "perhaps", na "mishap" yenye ni bahati mubaya. Na Kifaransa ilipita njia ile ile, "heur" ilikuwa bahati, ukaona "bonheur" na "malheur". Basi "happy" inafungana na mambo yenye inatokea: mambo ikienda muzuri uko "happy", ikiharibika haiko. Njo maana mu Wagalatia 5:22 tunda ya Roho ni "love, joy, peace", habakuandika "happiness". Na Yakobo 1:2 mu King James inasema "count it all joy" wakati unaanguka mu majaribu. Paulo mwenyewe anaandikia Wafilipi toka mu kifungo, "Rejoice in the Lord", mufurahi, na anairudilia tena mara ya pili mu mustari ule ule. Mutu wa gereza haseme eko "happy" na gereza. Lakini "joy" anaweza kuwa nayo.

Kwa hiyo muhubiri akisema "joy", tafsiri furaha, usiongeze. Akisema "blessed", sema heri ao amebarikiwa. Akisema "happy", sikiliza kwanza anaongea nini, juu anaweza kuwa anasema tu kama amependa makaribisho yenu. Na nikuombe, kama haukusikia, muulize arudilie. Watafsiri wengi banajaza mahali penye habakusikia na maneno yabo wenyewe, kanisa inashangilia, na mutu hakusema vile. Ile ni mambo ya roho za batu.

"Happy Christmas" ao "Merry Christmas"?

Zote mbili. Waingereza banasemaka sana "Happy", Wamarekani "Merry". "Joyful birthday" haiko, hata kama Kifaransa inasema "joyeux". Ni "Happy birthday" peke yake.

Niliweka ku statu "Happy Good Friday", mutu akanichekelea. Juu ya nini?

Juu ni siku ya kifo ya Yesu. "Good Friday" tayari ni jina ya siku, na haitakwe "Happy" mbele yake. "Happy Easter" utaiweka siku ya yenga, ile ya ufufuko.

Na kwa hapa niseme neno kwetu sote. Kila tarehe 4 ya mwezi wa kwanza ninaona statu za "Happy Martyrs Day". Ile siku tunakumbuka batu balikufa Léopoldville mu 1959 wakidai uhuru. Hauingie mu lopango yenye kilio unasema "Happy kilio". Andika "We remember our martyrs", ao uandike Kiswahili, ao unyamaze. Tarehe 30 ya mwezi wa sita, ndiyo, "Happy Independence Day", ile ni sikukuu.

Dikisionere ya babu yangu inasema "gai" ni "gay". Mwalimu wetu akaikata na bic rouge.

Alifanya muzuri. Zamani "gay" ilikuwa kweli mutu wa kuchangamuka, na mu vitabu ya miaka ile utaikuta vile. Leo inasema mutu mwenye anapenda mutu wa jinsia yake, na kila musomaji ataielewa vile. Wewe weka "cheerful". Na ile dikisionere uiheshimu juu ya babu, lakini kwa mutihani tafuta ingine.

Niko na interviu ku kampuni ya mugodi, banaongea Kingereza. Naweza kuanza na "I am very content to meet you"?

Hapana. Kwetu kila mutu eko contente, asubuhi na mangaribi, lakini "content" ya Kingereza haiko ile. Ni mutu mwenye ametosheka, hatafute kitu zaidi, na mbele ya patro inaweza kusikika kama haunaye njaa ya kazi. Tena kama unaitamka na nguvu ku mwanzo, inageuka kuwa vitu vyenye viko ndani ya kitu, kama ya kitabu ao ya kartoni.

Ukiingia: "Good morning. I'm glad to meet you." "Glad" ni furaha ndogo ya jambo moja, inatosha. Usiseme "I am a glad person", haikae mbele ya mutu vile, pale ni "a happy person", na hakuna mwenye amekuuliza. Bakikuuliza juu ya kazi ya zamani, "I was happy there, but I want to learn more." Bakikutajia mushahara, usikimbilie kujibu "I'm happy", juu umesikia pale juu mambo ya mama wa unga: ukisema "I'm happy with that" umekwisha kusaini na kinywa. Sema "Can I think about it until tomorrow?" na urudi nyumbani upige hesabu ya transporti, ya nyumba na ya masomo ya batoto.